Flaiwili ikikerezwa kilo 10, unapoteza nini?

SWALI: Injinia, nina mashine ya kusaga mahindi hapa Luanda, Vihiga. Flaiwili ya injini, lile gurudumu zito linalotunza nishati ya mzunguko, ni kilo 60, kipenyo sentimita 60, nayo huzunguka raundi 650 kwa dakika. Fundi wa Kisumu anataka kuikereza ukingoni ipungue kilo 10, eti injini iwe nyepesi kupiga hendeli. Mwanangu wa kidato cha nne amekokotoa akapata flaiwili hubeba nishati ya jouli 12,500. Ni kweli? Na tukiishusha kwenye pikapu kwa kuivingirisha juu ya ubao, kimo cha mita moja, itafika chini kwa kasi gani?

JIBU: Mama, kijana kanuni anaijua, ila amekipa chuma chote kasi ya ukingo, mita 20.4 kwa sekunde. Chuma kilicho karibu na shafti hakikimbii hivyo. Tia alama ya chaki sentimita 10 kutoka katikati: hiyo huenda mita 6.8 tu. Ni theluthi ya kasi ya ukingoni, na kwa kuwa kasi huzidishwa kwa yenyewe, kilo moja pale hubeba sehemu moja tu ya tisa ya nishati ya kilo iliyo ukingoni.

Kwa sahani nzima yenye unene sawa, hesabu hizo zote zikijumlishwa hutoa nusu ya jibu lake: jouli 6,250 hivi. Mwambie atumie ½Iω², I ikiwa ½mr² (m ni kilo zake, r ni nusu ya kipenyo) na ω, kasi ya mzunguko, radiani 68 kwa sekunde. Flaiwili yenye spoku na ukingo mnene huangukia kati ya majibu hayo mawili.

Sasa fundi. Kilo 10 za ukingoni ni sentimita mbili na nusu tu za chuma kuizunguka sahani. Uzito unapungua kwa sudusi moja, lakini nishati inashuka kwa asilimia 30, jouli 1,900 hivi. Hapo ndipo penye mali yote, na ndipo anapotaka kukata!

Na hendeli? Unafungua valvu ili hewa isibanwe, unazungusha mpaka flaiwili ishike kasi, kisha unaachia valvu. Ni flaiwili inayoisukuma pistoni ipite mbano wa hewa. Nyepesi itashika kasi upesi, sawa, lakini itakwama mapema zaidi kwenye mbano. Hata injini ikishawaka, kama ni ya silinda moja na mipigo minne, hulipua mara moja tu kila raundi mbili, na katikati yake mahindi yanasagwa kwa akiba ya flaiwili. Mimi nisingekata. Kagua kwanza beringi na mafuta.

Kuhusu pikapu: kitu kinachoviringika hugawa nishati yake. Kwa sahani, theluthi mbili huenda mbele na theluthi moja huishia kwenye mzunguko, hivyo itafika chini kwa mita 3.6 kwa sekunde badala ya 4.4 ambazo ingepata kama ingeteleza bila msuguano. Bado ni kilomita 13 kwa saa, kilo 60 za chuma. Ifungeni kamba, na asisimame mtu mbele ya ubao.