Ukienda kuitafuta bangi ya kienyeji, mbegu ziache shambani

Wengi wanaotamani safari hizi huuliza kwanza waende nchi gani. Swali la kwanza lingekuwa wanakwenda kutafuta nini. Yupo anayetaka mbegu za kutia mfukoni, na yupo anayetaka kuelewa kwa nini mmea wa bonde hili haufanani na wa bonde la pili. Wote wawili watapita njia zilezile za vumbi na kulala nyumba zilezile, ila wenyeji huwatambua kabla chai haijapoa. Nimezunguka miaka kadhaa nikiifuata mimea hii: Rif kaskazini mwa Moroko, Himachal Pradesh nchini India, Pondoland Afrika Kusini na Nkhotakota nchini Malawi. Nitakayoyasema hapa ni ya huyo wa pili. Wa kwanza sina la kumsaidia.

Tuelewane kwanza kuhusu kitu chenyewe. Aina ya kienyeji ni kundi la mimea lililokaa mahali pamoja vizazi na vizazi, likachujwa na baridi, ukame, wadudu na ukungu, na juu ya hayo likachujwa na mkono wa mkulima anayeamua ni mmea upi utoe mbegu za mwakani. Bangi kwa kawaida ina mimea dume na mimea jike, na chavua yake hubebwa na upepo kilomita nyingi. Ndiyo maana shamba la kienyeji halifanani lote. Mmea huu mrefu, ule mfupi, mmoja unanukia ndimu na jirani yake unanukia udongo uliolowa. Ukikuta shamba ambalo kila mmea umesimama kama wanafunzi wa sare moja mstarini, mbegu zake huenda zilinunuliwa.

Kwa hiyo mbegu kumi mfukoni si aina ya kienyeji. Ni chembe chache za kundi kubwa. Ukizipanda kwingine, penye urefu tofauti wa mchana na bila yule mkulima wa kuzichagua, baada ya misimu michache unabaki na kitu kingine kabisa chenye jina la kijiji ambacho hakikijui.

Usishikwe pia na ugonjwa wa kutafuta bangi isiyochanganyika tangu kuumbwa kwa dunia. Utafiti wa jenomu 110, yaani vinasaba kamili vya mimea 110 ya bangi, uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mmea huu ulianza kulimwa Asia ya Mashariki, yapata miaka 12,000 iliyopita. Kwingine kote ulifika na watu. Jamaica, ambayo wengi huiona kama nyumbani kwa bangi, ilipokea vibarua wa Kihindi kuanzia mwaka 1845, na ndio wanaotajwa kuingia nayo. Ukisikia mtu anakuuzia hadithi ya mmea ambao haujaguswa kwa miaka elfu, jua huyo anafanya biashara. Cha kutafuta ni uhusiano kati ya mmea, mahali na kazi inayofanywa nao, na huo unaonekana kwa macho. Himachal, mkulima husugua mmea ulio hai kwa viganja mpaka utomvu ugande mikononi, akapata charas. Rif, mimea huvunwa, hukaushwa, kisha hupigwa juu ya chekeche ipatikane hashishi. Mikono hiyo miwili haichagui mmea mmoja.

Majira ya kwenda yanategemea umbali kutoka ikweta na urefu kutoka usawa wa bahari. Karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, basi mmea hurefuka, majani huwa membamba na maua huchukua miezi kukomaa. Milima ya Hindu Kush, huko Afghanistan na Pakistan, ina mimea mifupi ya majani mapana inayowahi kumaliza kabla ya baridi kali. Beldiya, yaani bangi ya kienyeji ya Rif, hupandwa karibu na Februari au Machi na kuvunwa kuanzia mwisho wa Julai. Himachal kazi ya kusugua huwa Septemba na Oktoba. Kusini mwa Afrika mvua huanza mwishoni mwa mwaka, na mavuno huangukia karibu na Machi hadi Mei. Watu wengi hupanga kufika siku za mavuno. Mimi nashauri wiki kadhaa kabla yake. Wakati wa mavuno kila mtu ana kazi, madalali wamejaa, polisi wamechangamka, na mgeni mwenye kamera anachukuliwa kuwa mmoja wa hao wawili. Maua yakiwa yamefunguka lakini hayajakatwa, tofauti za mimea unaziona vizuri, na mwenye shamba ana saa moja ya kukaa kivulini.

Sasa sheria, na hapa sitapita haraka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, unapoeleza bangi ni nini, unaziacha nje mbegu zisizoambatana na maua. Wasafiri wengi wakishalisoma hilo huona wamefunguliwa mlango. Hawajafunguliwa. Kila nchi ina sheria yake, na nyingi zinahesabu mbegu zinazoota kuwa kosa. Hata pale ambapo polisi hawana shida nazo, idara ya afya ya mimea inataka cheti cha kuonyesha hazina magonjwa. Kisha ipo Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014. Chini yake, nchi ina haki ya kutaka ridhaa yake kabla hujachukua rasilimali zake za kijenetiki, mbegu zikiwemo, na makubaliano ya kugawana faida itakayopatikana. Anayetoroka na mbegu za bonde fulani na kuzifanya bidhaa amemruka mkulima aliyezitunza, hata kama mpakani hakuguswa. Kanuni yangu ni fupi: hakuna kinachovuka mpaka nami. Si ua, si mbegu, si jani lililokaushwa ndani ya daftari.

Soma sheria ya nchi unayokwenda mwezi uleule unaokwenda, kwa kuwa zinageuka. Thailand ilifungua mlango Juni 2022, ikaubana tena mwaka 2025 kwa kudai cheti cha daktari. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliruhusu matumizi ya faragha ya watu wazima Septemba 2018, na sheria ikasainiwa Mei 2024, ila kuuza kumebaki kosa. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha tiba mwaka 2017, ikiwa ya kwanza Afrika, lakini kibali cha kampuni yenye mabanda ya kisasa hakimlindi mwanakijiji mwenye mistari michache nyuma ya nyumba. Malawi ilipitisha sheria yake mwaka 2020, nayo ni ya leseni. Eswatini bado ni marufuku. India inatumia sheria ya mwaka 1985, na charas unayoona ikisuguliwa milimani ni jinai, hata kama kijiji kizima kinaifanya mchana kweupe.

Moroko ndiko mahali pa kujifunza jinsi sheria inavyoonekana kutoka shambani. Sheria ya mwaka 2021 iliruhusu kilimo cha bangi kwa tiba, vipodozi na viwanda katika majimbo ya Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate, chini ya wakala wa serikali uitwao ANRAC. Agosti 2024 Mfalme Mohammed VI aliwasamehe wakulima 4,831 waliokuwa wamehukumiwa au wanatafutwa kwa kosa la kulima. Mgeni akisikia hayo hudhani mambo yamekwisha. Ukweli ni kwamba mwenye leseni na asiye na leseni wanaweza kuwa ndugu, mashamba yao yametenganishwa na ukuta wa mawe tu. Mwenye leseni atakukaribisha na karatasi zake mkononi. Mwenzake atakusalimia, atakumiminia chai, atazungumza nawe habari za tini na zeituni. Mwache azungumze tini. Usimuulize shamba la ng'ambo ya ukuta ni la nani.

Kibaya kuliko kuondoka na mbegu ni kuziingiza. Nalisema kwa uzito kwa sababu nimekutana na wasafiri wema, wenye nia njema kabisa, waliobeba mbegu za kisasa kama zawadi kwa wenyeji. Kumbuka ile chavua ya upepo. Dume moja la chotara kwenye kilima linatosha kuingia katika mashamba ya bonde zima, na mkulima hatajua mpaka msimu ujao. Rif wamelipa gharama hiyo. Chotara zilizoletwa kutoka nje zinatoa mavuno mengi na hashishi kali zaidi, lakini zinataka kumwagiliwa majira yote ya joto, wakati beldiya huishi kwa mvua ya kipupwe na udongo mbovu. Mzee mmoja karibu na Ketama alinionyesha kisima chake na mpira mweusi wa maji unaoshuka hadi kwa jirani, akasema beldiya haijawahi kumdai hata ndoo. Hakuwa na hasira na jirani. Jirani ana watoto wa kulisha, na dalali analipa kwa nguvu ya mzigo. Basi kagua mifuko yako kabla hujaondoka, na viatu pia kama umetoka shamba jingine la bangi.

Kuhusu watu wa kukuongoza: usimchukue anayekufuata kituoni au anayekimbiza gari lako barabarani. Barabara za Rif zina vijana wengi wa namna hiyo, na kazi yao ni kuuza. Tafuta mtu asiye na haja na bangi yako. Mwalimu wa shule, mfugaji nyuki, mtu wa mizigo wa milimani, mhudumu wa zahanati. Mwambie waziwazi unachotaka na usichotaka: unataka kuona na kusikiliza, hununui, huchukui. Palipo na chifu au wazee wa kijiji, fika kwao kwanza, hata ikikugharimu siku nzima ya kukaa kwenye benchi. Nkhotakota nilikaa benchi hilo, na sijaona ushauri mwingine uliorudisha faida kiasi hicho. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza nimetumwa na nani.

Usianze na bangi. Anza na mahindi, maharage, mbuzi, mvua ya mwaka jana. Katika vilima vya Kumaon nchini India mbegu za bangi husagwa zikawa chatini ya kulia chakula, na nyuzi za shina husokotwa kamba. Mazungumzo ya jikoni na kamba hukufikisha mbali kuliko yale ya moshi, tena huwapa nafasi ya kuzungumza wale ambao hawavuti kabisa lakini ndio wanaohifadhi mbegu. Maswali ninayoyarudia kila mahali ni haya: nani anachagua mbegu, anachagua lini, anatazama nini, na mwaka wa njaa au wa kufyekewa shamba alizipata kwa nani. Hilo la mwisho ndilo linalofungua historia yote ya eneo, kwa sababu hakuna familia iliyotunza mbegu peke yake bila kukopeshana.

Kila mahali pana jambo lake la kuheshimu. Malana, kijiji cha Himachal ambacho jina lake limefika mbali kuliko barabara yake, wenyeji hawataki mgeni aguse nyumba zao wala hekalu la mungu wao Jamlu. Ukinunua kitu dukani, pesa unaweka chini na bidhaa unawekewa chini. Wapo wageni wanaoona hilo ni dharau. Mimi naona ni sheria ya nyumba ya watu, na aliyekasirika anaweza kushuka mlima. Pondoland nako usirushe droni. Polisi wa Afrika Kusini walikuwa wakinyunyizia mashamba hayo dawa ya kuua magugu kutoka angani, ikaangukia na mboga za watu. Sauti yoyote juu ya kilima inakumbusha hilo, na picha yako nzuri haistahili mshtuko wa bibi aliye shambani.

Fedha: lipia muda, chakula, malazi na mwongozo. Usilipie mmea. Ukishaulipia hata mara moja umekuwa mnunuzi, na kila atakayekuja nyuma yako atapokewa hivyo. Afya: Malana iko juu ya mita 2,500, na kuanzia kimo hicho kichwa kinaweza kukugonga hadi utapike, basi panda polepole, kunywa maji, na ukizidiwa teremka bila kujadiliana na mtu. Soma pia bima yako. Nyingi hazilipi lolote lililotokana na kuvunja sheria.

Kumbukumbu ndizo mzigo pekee ninaorudi nao, na ndizo zenye thamani. Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mimea wa Urusi, alipozunguka Afghanistan mwaka 1924 alikusanya mbegu za mazao mengi na kuieleza bangi ya huko. Kazi yake inasomeka hadi leo kwa sababu aliandika mmea ulikuwa wapi, kwenye kimo gani, kati ya mazao gani. Nawe andika kimo, udongo, mwezi, zao linalopandwa pamoja nayo, urefu wa mimea mitano tofauti badala ya ule mmoja uliokupendeza. Majina ya watu usiyaandike. Kijiji kiandike kwa herufi unayoijua wewe, kwa kuwa daftari likishikwa na mtu asiyestahili litakuwa ushahidi dhidi ya aliyekulaza.

Picha nazo zipigwe mimea, mikono ikibidi, nyuso kamwe, na usipige mlima wa nyuma unaotambulika. Simu huandika mahali ndani ya kila picha bila kukuuliza. Lizime hilo kwenye mipangilio ya kamera ukiwa bado mjini, kisha piga picha moja ya majaribio na uikague kabla hujapanda gari.