Jibu: Kuwapeleka wazazi wazee safari ya meli ya siku 12 kaskazini mwa Norwei wakati wa baridi

Mwanangu, assalamu alaikum.

Umeuliza kama ni busara kumpeleka baba yako, mwenye miaka 73 na presha, pamoja na mama yako, mwenye miaka 67 na goti linalomsumbua, katika safari ya meli ya siku 12 kutoka Bergen hadi Kirkenes na kurudi, mwezi wa Januari, na karibu kila aliyekujibu amekuonya juu ya baridi. Mimi na mzee wangu tulisafiri njia hiyo hiyo, mwezi huo huo, tukitokea Uingereza tunakoishi, yeye akiwa na miaka 71 na mimi 66, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona. Baridi ndiyo iliyotusumbua kidogo kuliko yote. Kilichotutesa ni kuyumba kwa meli na utelezi wa barafu nchi kavu, na kama ningepata mtu wa kunieleza hivyo mapema, hofu yetu na fedha zetu ningezielekeza kwingine kabisa.

Nianze na hiyo baridi ili tuimalize. Pwani ya Norwei huogeshwa na maji ya vuguvugu yanayopanda kutoka Atlantiki, ndiyo maana bandari zake hubaki wazi wakati sehemu nyingine za dunia zilizo kaskazini kiasi hicho zimeganda. Bergen tulinyeshewa mvua kama ya masika, ila hii ilikuwa ya baridi. Tromsø kipimo kilikuwa nyuzi 4 chini ya sifuri, na siku moja tu, kule Kirkenes karibu na mpaka wa Urusi, ndipo kiliposhuka hadi 17 chini ya sifuri. Ndani ya meli watu hutembea na shati la mikono mifupi. Wanunulie wazazi fulana na suruali za ndani za sufu, si za pamba, kwa sababu pamba hunyonya jasho ikalihifadhi mwilini, kisha ukitoka nje inakugeukia. Juu yake koti linalozuia upepo, kofia ya kufunika masikio, na glavu za aina ya kipochi, zinazoacha vidole vikae pamoja. Jambo moja la baba yako nalisema kama muuguzi mstaafu: baridi hubana mishipa ya damu na presha hupanda, kwa hiyo asitoke ghafla kutoka kwenye joto la mgahawa hadi kwenye sitaha yenye upepo. Asimame kwanza dakika chache pale mlangoni, amejifunika pua na mdomo.

Sasa bahari. Ramani itakudanganya, kwa sababu ukiitazama utaona visiwa vingi vimeikinga njia, na kweli sehemu kubwa meli hupita kwenye mikondo tulivu kama mtu anayekatiza vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa. Lakini kuna mahali ambapo kinga inakatika. Pa kwanza ni Stad, rasi iliyojitokeza baharini, na meli huifikia usiku ule ule wa kwanza, kabla mtu hajaizoea bahari. Kisha kuna Hustadvika, kuna Vestfjorden, ambako ukitoka Bodø kwenda visiwa vya Lofoten unakuwa wazi kwa saa kadhaa, na kuna bahari ya Barents ukishapita Honningsvåg kuelekea mashariki. Mzee wangu alifanya kazi bandari ya Kilindini miaka 30 akihesabu shehena, na tangu tulipolipia safari hii alikuwa akiwaambia majirani kwamba meli anazijua. Meli alizijua zikiwa zimefungwa kamba gatini. Saa kumi na moja alfajiri ya siku ya pili chumba chetu kilianza kuinuka upande wa omo, kikasita kidogo, halafu kikashuka kwa namna ambayo tumbo linabaki juu. Glasi ya maji ikateleza toka ukingo huu wa meza hadi ule, na bwana wa shehena akawa amepiga magoti mbele ya choo akiomba nimshike mabega. Ilichukua saa tatu hivi. Baadaye alinikataza kuwasimulia watoto, na naona hapa nimeshamsaliti.

Kwa hiyo chagua chumba kilicho katikati ya meli na katika sitaha za chini, maana huko ndiko mtikisiko unakopungua, hata kama vyumba vya juu vina madirisha mazuri zaidi. Gharama yake ni kelele. Meli hizi si za anasa tu; ni usafiri wa umma wa pwani ile tangu mwaka 1893, hubeba mizigo na wenyeji wenye mikoba ya sokoni, na huingia bandari 34 kwa kwenda, nyingine saa nane za usiku kwa robo saa tu, mlango wa mizigo ukifunguliwa kwa kishindo. Mimi nilivizoea vishindo. Kutapika hakuzoeleki. Dawa ya kuzuia kichefuchefu humezwa kabla meli haijaanza kuyumba, si baada yake, lakini nyingi ya dawa hizo zinaleta usingizi, na baadhi hazimfai mzee mwenye tezi dume iliyovimba au mwenye presha ya macho, kwa hiyo baba yako aulize daktari wake akiwa bado Mombasa. Na dawa zake zote, za siku 12 na akiba ya wiki nzima, ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Meli tuliyopanda haikuwa na daktari. Mgonjwa hushushwa bandari inayofuata, ambayo kwa kawaida haiko mbali, na hilo ndilo lililonifanya niipende njia hii kuliko zile safari za Antaktika ambazo mwenzetu mmoja amezisifu hapo juu. Kule unavuka mlangobahari wa Drake, kati ya Amerika Kusini na Antaktika, kwa siku mbili hivi, na ukivunjika nyonga hakuna gati la saa tatu mbele.

Utelezi ndio ulioniangusha mimi. Tulifika Tromsø mchana wa siku ya tano, tukapewa saa nne za kutembea mjini, na nje ya gati njia ilionekana kuwa na theluji laini tu. Chini ya theluji ile kulikuwa na barafu iliyoyeyuka ikaganda tena, laini kama kioo kilichopakwa mafuta. Wanorwei huvaa juu ya viatu vyao mpira wenye meno ya chuma wanaouita brodder, na watu wa meli walikuwa wametangaza asubuhi kwamba vinauzwa dukani pale pale melini. Mimi nikaona bei, nikasema viatu vyangu vina nyayo nene. Hatua ya ishirini sijui ya thelathini nilikuwa chali, mkono wa kulia chini yangu. Mfupa haukuvunjika, alhamdulillahi, lakini kifundo cha mkono kilivimba, na kwa siku zote zilizobaki mzee ndiye aliyekuwa akinifunga mtandio. Mama yako na goti lake asikanyage gati hata moja bila meno hayo, na awe na fimbo yenye ncha ya chuma. Daraja la kushukia pia litazame: maji yakijaa na kupwa linabadilika mwinamo, na ukiwaambia wafanyakazi mapema watakwambia ni bandari ipi inafaa kwake na ni ipi abaki ndani.

Hapo ndipo bima inapoingia. Wakala aliyetuuzia ya kwetu alituhakikishia kwa mdomo kwamba kila kitu kimo, na ni wiki moja tu kabla ya kuondoka, nilipoisoma kurasa kwa kurasa, nilipokuta kwamba mwenye zaidi ya miaka 70 halipiwi gharama za ugonjwa alioutaja kuwa nao tangu awali. Yaani presha ya mzee, ndiyo hiyo tuliyoinunulia bima, ilikuwa nje. Tulinunua nyingine kwa bei ya kuumiza. Wazazi wako wakiombewa viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Norwei ikiwemo, watatakiwa kuonyesha bima ya angalau euro 30,000. Hicho ni kiwango cha kupatia viza, usidhani kinamtosha mzee atakayelazwa hospitali ya Norwei na kurudishwa nyumbani kwa ndege akiwa kwenye machela.

Umeuliza pia kuhusu swala, na hili nitalikalia kidogo kwa sababu hakuna aliyegusa saa zake. Mwanzo wa Januari, ukishapita mbali kidogo duara la Aktiki, mstari ulio kwenye nyuzi 66 na dakika 33 za latitudo ya kaskazini, unaingia katika nchi ambayo jua halichomozi kwa siku nyingi mfululizo. Tromsø hali hiyo huanza mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi katikati ya Januari. Si giza la kaburini kama watu wanavyodhani. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba hivi mchana kunakuwa na mwanga wa buluu, mlima mzima buluu, theluji buluu, hata uso wa mtu, na upande wa kusini mstari wa rangi ya waridi ambao unakaribia kuwa jua kisha unaghairi. Sasa Adhuhuri ni saa ngapi, na Magharibi, ikiwa jua halijatoka likatua? Tulimwuliza imamu wa mtaa wetu kabla ya kuondoka, naye akatukumbusha hadithi ya siku za Dajali, Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa kuhusu siku ndefu kama mwaka akasema wakadirie kiasi chake. Wako wanazuoni wanaofuata saa za Makka na wako wanaofuata mji wa karibu ambako jua bado linachomoza. Sisi tulifuata saa za Trondheim, nikazichapisha kwenye karatasi na kuibandika mlangoni, na kwa kuwa tulikuwa wasafiri tulikusuru na kukusanya, yaani tulifupisha swala na kuswali mbili kwa pamoja. Kuhusu kibla, yupo aliyekwambia ni vigumu kwa kuwa meli inageuka. Inageuka, ndiyo, lakini dira ya simu inatosha. Mzee alicheka siku tuliyofika Kirkenes: Mombasa, miaka yote aliyoishi huko, aliswali akielekea kaskazini moja kwa moja, na pale, kwa mara ya kwanza, aliielekea Makka kwa kuipa mgongo ncha ya dunia, karibu kusini kabisa.

Chakula kisikutie wasiwasi. Andika kwa kampuni wiki kadhaa kabla kwamba hamli nguruwe wala nyama isiyochinjwa kihalali, na watawapikia samaki, nao samaki ni wengi na ni wazuri. Kule Svolvær, katika Lofoten, tuliona chanja za miti mirefu zimesimama tupu kando ya maji kama mapaa ya nyumba zisizo na kuta. Chewa wa kule huvuliwa majira hayo ya baridi, na kuanzia Februari hivi huning'inizwa hapo mpaka Mei. Dukani wa mwaka uliopita walikuwa bado wapo, nikambeba mmoja mkononi: mwepesi kama ukuni, mgumu, na ile harufu ikanirudisha sokoni kwa wauza papa na ng'onda. Lakini hana hata chembe ya chumvi. Upepo na baridi peke yake ndivyo vinavyomkausha. Muuzaji aliponiambia kwamba vichwa vyake vinasafirishwa Nigeria, mzee alitaka tununue vitatu. Nilikataa, kwa ajili ya majirani zetu.

Kuhusu taa za kaskazini, ile mianga ya rangi inayotokea angani usiku: wazazi wakubali mapema kwamba huenda wasizione. Sisi tuliziona usiku mmoja kati ya kumi na moja. Zikitokea hutangazwa kwa kipaza sauti, na watu hukimbilia sitahani, na hapo ndipo wazee huanguka, kwa hiyo nguo na viatu vikae tayari kando ya kitanda. Mwanzoni niliona kitu kama moshi wa kijivu nikajuta kuamka. Macho yalipozoea giza, moshi ukaanza kuwa kijani, ukajikunja, ukashuka kama pazia linalovutwa na mtu asiyeonekana, bila sauti yoyote. Mzee alikuwa na koti zito juu na kikoi chini, kimefungwa juu ya suruali ya sufu, kwa kuwa hakupata muda wa kuvaa. Mjerumani mmoja alimpiga picha yeye badala ya mbingu.

Kilichonishangaza ni usingizi. Kufikia siku ya saba mzee alikuwa akilala mchana kutwa na kukesha usiku, hasira zikawa karibu, na nilielewa kwamba ni lile giza. Nilimlazimisha kukaa kwenye ukumbi wenye madirisha saa zile za mwanga wa buluu, kila siku, anywe kahawa huko. Ilisaidia. Ukiweza kuwasogeza hadi katikati ya Februari, utapunguza tatizo hilo na la swala pia, kwa kuwa jua litakuwa limerudi, usiku bado mrefu, na chanja zitakuwa zimeanza kujaa.

Kwa wazee hawa wawili, basi, mimi ningewapeleka, iwe Februari, chumba cha katikati, bima iliyosomwa yote, na baba yako akiwa amepimwa. Maombi ya viza hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, usiyangoje mpaka mwezi wa mwisho. Yale meno ya chuma ninayo jozi mbili, zilinunuliwa Tromsø dakika kumi baada ya kuanguka. Kama mama yako anavaa kiatu namba 39 au 40, niambie hapa nami nitakutumia.