Mume amesaini, lakini hajasema ndiyo

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mama wa watoto wawili, wa miaka 13 na 9. Huu ni mwaka wa 12 niko Dubai, mhasibu wa hoteli. Mume wangu anasafirisha mizigo, ana ofisi Deira, mtaa wa biashara hapa Dubai, wateja wake wengi ni wa Kariakoo. Hatuna shida: nyumba nzuri, gari, dada wa kazi, na ada ya shule mwajiri wangu analipa nusu. Mwaka jana niliomba ukaazi wa kudumu wa Kanada kwa njia ya pointi na tumepata sote. Tunatakiwa tuwe tumeingia kabla ya mwisho wa Novemba. Binamu yangu yuko Edmonton. Mama mkwe anasema nimepagawa, tunaacha kula tunakwenda kukoroga barafu. Mashoga zangu wananicheka. Mume hana neno, fomu zote alisaini. Nimefikiria nitangulie na watoto, yeye abaki miaka miwili akitutumia pesa. Je, Shangazi, nina wazimu? Mama Wawili, Dubai."

Marahaba mwanangu. Wazimu huna, na wanaokucheka nadhani wengine wao wamejaza fomu hizo hizo kimyakimya.

Raha ya Dubai ni ya mkataba. Siku hoteli ikikwambia basi, visa yako nayo inaanza kuhesabiwa siku, na dada wa kazi, gari na shule vyote vinaning'inia kwenye uzi huo mmoja. Wewe wa hotelini mwaka 2020 wa korona ulikuwapo, sina haja ya kukusimulia. Na watoto wanakua. Mtoto wa kiume unaweza kumdhamini mpaka miaka 25 asipooa, kisha ajitafutie mwajiri au aondoke kwenye mji aliokulia. Kwa hiyo kukimbilia karatasi isiyoshikwa na bosi si upuuzi. Tena ulifanya vyema kutongoja: kwenye ile hesabu ya Kanada pointi za umri huanza kushuka ukifika miaka 30, na ukifika 45 unapata sifuri.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu. Hoteli imo, binamu yumo, mama mkwe kapewa hata maneno yake. Mume wako kapata sentensi moja: "hana neno, fomu zote alisaini."

Mwanangu, mwanamume wa pwani asiye na neno ana maneno mengi.

Hebu mtazame anachoacha. Wewe unaacha kazi. Taaluma yako utaondoka nayo mkobani. Yeye anaacha jina. Deira akipita anaitwa huku na huku, na mtu wa Kariakoo anamwachia mzigo wa mamilioni kwa ujumbe wa sauti tu, kwa sababu anamjua yeye na labda alimjua baba yake. Hayo hayapakiwi kwenye kontena. Edmonton atakuwa mtu mzima mwenye lafudhi, anayepanga maboksi ghalani zamu ya usiku, huku mkewe akimweleza namna ya kupanda basi. Wako waliolivuka hilo wakacheka baadaye. Wako pia waliorudi peke yao baada ya mwaka. Sidhani kama nyinyi wawili mmewahi kulizungumza hata kwa dakika kumi, maana ungeliandika.

Na hilo wazo la yeye kubaki miaka miwili silipendi hata kidogo. Mimi nimeolewa na baharia, najua nisemalo. Baina ya Dubai na Edmonton kuna saa 10 wakati wa kiangazi na 11 wakati wa baridi. Watoto wakiamka, kwake jua linazama. Mwezi wa kwanza watapigiana kila siku, mwezi wa sita watasalimiana Ijumaa. Huyo wa miaka 13 yuko kwenye umri ambao baba hafai kuwa sauti ya simu. Nawe utakuwa unapambana na theluji, shule mpya na kazi mpya, jioni hakuna dada wa kazi. Kumlipa mtu huko ni anasa.

Mwite mkae, watoto wakiwa wamelala. Usimuulize "tunakwenda?" kwa sababu hilo atajibu ndiyo kama alivyosaini. Muulize anaogopa kuwa nani kule. Kisha nyamaza, hata akichukua nusu saa.

Akisema hataki kabisa, hiyo ni barua nyingine, uniandikie. Akisema anataka ila ana hofu, basi sheria zenyewe zina nafasi. Ukaazi wa kudumu haukutaki ukae kule kila siku. Unatakiwa uwe umekaa siku 730 katika kila miaka mitano. Ingieni wote wanne kabla ya hiyo Novemba. Akae nanyi wiki sita, nane, aone nyumba, ashike ufunguo, awapeleke watoto shule mwenyewe. Ndipo arudi Deira kufunga hesabu au kumkabidhi mtu anayemwamini, bila kupitisha miezi sita nje, la sivyo ukaazi wake wa Dubai unakufa. Na tarehe ya kuwafuata iandikwe, ijulikane na watoto. Mimi ningesema isizidi miezi minane.

Upande wako nawe, usijidanganye. Ile tathmini ya vyeti vya masomo uliyolipia ulipoomba Kanada ilikuwa ya pointi za uhamiaji tu. Haikufanyi mhasibu kamili kule. Huenda ukaanza kwa kuandika vitabu vya hesabu vya duka la mtu. Mshahara wa Dubai ulizoea uingie mzima, wa kule utakufikia umeshapitiwa na kodi, pensheni na bima ya ajira. Kwa hiyo kiinua mgongo chako usikiguse kwa sherehe ya kuaga. Kwa miaka 12 ikitimia ni siku 21 za mshahara kwa kila mwaka wa mitano ya mwanzo, na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Jumla siku 315. Ni kwa mshahara wa msingi, posho ya nyumba haihesabiwi, basi piga hesabu hiyo leo kabla hujaipangia matumizi.

Pasi ya Tanzania hamuiachi kwa kupata ukaazi. Swali hilo litakuja mkitaka uraia, miaka mitatu na zaidi mbele huko, msigombane nalo sasa.

Mama mkwe mwachie mwanawe amjibu. Wewe ukimjibu utakuwa umemtoa mtoto wake. Yeye akimjibu, ni safari.

Na makoti msinunue Dubai, yale ni ya kupigia picha. Nendeni na masweta, binamu awapokee uwanja wa ndege na makoti ya kuazima, kesho yake awapeleke duka la mitumba. Mume wako mwacheni apatane bei.