Kioo cha helikopta yetu ndogo kimekuwa cheupe na mkia umekunjamana: je, inaokoka?

SWALI: Fundi, habari za Kisumu? Mimi ni mwalimu, naishi Lanet, Nakuru. Dada yangu aliyeko Uingereza alituletea modeli ya kuunganisha ya helikopta ya Hughes 500, skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli. Mimi na kijana wangu wa Gredi ya Saba tuliibandika kwa supagluu, kisha tukaifungia ndani ya boksi lake usiku kucha isiingie vumbi. Asubuhi tukakuta kioo cha mbele kimekuwa cheupe kwa ndani, na alama ya kidole cha kijana inaonekana mstari kwa mstari. Baadaye jirani anayepuliza rangi magari akatusaidia kupuliza mkia, nao ukakunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa. Kijana amekata tamaa. Je, inaokoka? Na hapa kwetu tutumie rangi gani?

JIBU: Njema, mwalimu. Mwambie kijana asiitupe. Inaokoka, kioo na mkia vyote viwili.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza maketi za majengo, zile nyumba ndogo za kadibodi na plastiki ambazo msanifu humwonyesha mteja kabla msingi haujachimbwa. Helikopta naziunganisha jioni, kazi ya mchana ikiisha. Niseme tangu mwanzo kilichowaponza: dawa kali, nyingi, mahali padogo. Chukua rula. Pangaboi la juu la Hughes 500D ya kweli lina kipenyo cha mita 8.05. Kwenye modeli yenu ni sentimita 11 na kidogo. Milimita moja ya hapo mezani ni sentimita 7.2 za helikopta yenyewe, kwa hiyo tabaka la rangi lenye unene wa karatasi ya daftari ni kama kuibandika helikopta ya kweli plasta ya milimita 7. Ukilishika hilo, mengi yatajipanga.

Tuanze na kioo. Supagluu inapokauka hutoa mvuke. Mvuke huo ukikutana na unyevu au jasho huganda papo hapo ukawa chembe nyeupe. Kidole cha kijana kiliacha jasho na mafuta kwenye plastiki, ndiyo maana mistari yake ilishika kuliko sehemu nyingine. Polisi hutumia mvuke wa gundi hiyohiyo kufichua alama za vidole kwenye chupa na silaha. Nanyi kwa kulifunga boksi, mvuke ulikosa pa kutokea ukarudi kwenye kioo.

Ukungu huo uko juu juu tu, haujaingia ndani ya plastiki. Tatizo ni kuufikia, kwa sababu kioo kimeshabandikwa. Itie helikopta ndani ya mfuko wa plastiki, iweke kwenye friza saa moja hivi. Supagluu ikipoa sana huwa kavu na yenye kuvunjika. Ukiitoa, usingoje ipate joto: ingiza ncha ya wembe mpya kwenye ungio na uzungushe polepole. Usikivute kioo kwa vidole, maana plastiki ya kioo ni ngumu na hupasuka upesi kuliko ile ya mwili. Kazi hii ya wembe ifanye wewe mwenyewe, mwalimu, kijana ashike taa.

Kikishatoka, chukua kitambaa cha pamba laini, tia dawa ya meno nyeupe ya kawaida, usitumie ile ya jeli, na usugue upande wa ndani kwa mizunguko midogo. Mara ya kwanza utaona kama umekiharibu zaidi. Endelea, suuza, kitazame kwenye mwanga wa dirisha, usugue tena. Mimi kioo kimoja kilinila jioni nzima, lakini niliweza kusoma gazeti kupitia kwake. Cha kukirudishia ni gundi nyeupe ya mbao, ile ya maseremala. Hukauka ikawa angavu, haitoi mvuke wa kudhuru kioo, na ikimwagika unaifuta kwa kitambaa chenye maji. Ichukue kwa ncha ya kijiti cha meno. Tone la ukubwa wa mbegu ya wimbi linatosha upande mzima.

Sasa mkia. Plastiki ya modeli hizi ni polistirini, na thina ya NC (ya rangi za nitroselulosi) wanayotumia wapuliza magari ina viyeyusho kama asetoni na tolueni. Bodi ya gari ni bati, haisikii kitu. Polistirini huanza kuyeyuka. Jirani yako hakukosea kazi yake; alitumia dawa ya bati kwenye plastiki. Usijaribu kuifuta rangi hiyo kwa thina tena, utaumaliza mkia. Uache wiki nzima mahali penye hewa, kwa sababu ndani bado ni laini hata kama juu pamekauka. Ukiubonyeza kwa ukucha usiache alama, hapo uko tayari.

Piga msasa kwa maji: namba 400 mpaka mikunjo iishe, kisha 800, kisha 1000. Zungushia msasa kwenye penseli ili mkia usiwe bapa, maana mkia wa Hughes ni mwembamba na wa mviringo, na jicho hugundua haraka pakikosewa. Palipobonyea, fila ya gari siipendi. Nayo ina stireni, na juu ya plastiki nyembamba huweza kuila. Mimi hutia tone la supagluu, nanyunyizia poda ya mtoto, na ndani ya saa moja nimeshapiga msasa kabla halijawa gumu kama jiwe. Fanyeni hivyo kioo kikiwa bado hakijarudishwa, na boksi likiwa wazi! Vivyo hivyo kwa mstari ule wa katikati ambapo nusu mbili za mwili zinakutana. Helikopta hii ina umbo la yai, na yai halina mshono.

Kuhusu rangi, chaguo langu ni akriliki, zile zinazozimuliwa kwa maji, zinazouzwa kwa wachoraji. Osheni kwanza plastiki kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kwa sababu hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu ambayo hukataa rangi. Zimua mpaka iwe kama maziwa. Tabaka la kwanza litaonekana baya, lenye mabaka, na kishawishi kitakuwa kurudia pale pale. Mzuie kijana. Likauke kabisa, kisha la pili, kisha la tatu, yote mepesi. Msipopata akriliki, rangi ya mafuta ya milango iliyozimuliwa kwa tapentaini haili plastiki kama thina ya NC, ila itawachukua siku mbili kukauka kila mara, na chengachenga zake ni kubwa. Na chochote mtakachonunua, kijaribuni kwanza kwenye ile fremu ya plastiki ambayo vipande vilikuwa vimeshikiliwa. Ni plastiki ileile na haina kazi nyingine. Lau jirani angepuliza fremu kwanza, usingeniandikia.

Hapa Kisumu hupaka asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, kabla mawingu ya alasiri hayajakusanyika. Unyevu ukiwa mwingi rangi ya kupuliza huweza kukauka na weupe. Nyinyi Lanet nadhani mna vumbi zaidi ya unyevu. Funikeni kwa bakuli, lakini liinueni kidogo hewa ipite.

Fremu za kioo msizichore kwa mkono mtupu. Hata mimi mkono wangu hauwezi. Chukua tepu ya karatasi ya wapaka rangi, ibandike kwenye kigae cha sakafu, ipake rangi ya mwili, ikikauka ikate kwa wembe na rula vipande vyembamba vya nusu milimita. Vinyanyue kwa kibano na uvilaze juu ya kioo panapostahili fremu. Kikienda upande, unakinyanyua na kukilaza upya. Pangaboi nalo msilipake nyeusi tupu. Kitu kidogo cheusi huonekana kama tundu. Tumieni kijivu kizito.

Mapanga yaacheni ya mwisho, maana ndiyo yanayovunjika. Yahesabuni kwanza: yakiwa matano na mkia umekaa kama herufi T, mnayo 500D au 500MD, ile ya pili ikiwa aina ambayo jeshi letu limeirusha miaka mingi. Yakiwa manne, na mkia una umbo la V, hiyo ni aina ya zamani. Kila panga lina ukingo mnene na ukingo mwembamba. Ukitazama kutoka juu, pangaboi la Hughes huzunguka kinyume na mikono ya saa, na ukingo mnene ndio hutangulia. Helikopta za Kifaransa, kama zile Ecureuil za mapanga matatu zinazotua uwanjani wakati wa mikutano ya siasa, huzunguka upande mwingine, kwa hiyo msiige picha ya hizo.

Na yasikae yamenyooka kabisa kama ya feni. Helikopta ikiwa imezimwa, uzito wa mapanga huyainamisha kwenye ncha. Chovya kila panga kwenye maji moto yasiyochemka, hesabu mpaka kumi, lipinde kidogo mno kwa kidole, kisha uliingize kwenye maji baridi likae hivyo. Milimita mbili kwenye ncha zinatosha. Pangeni yote mezani yakilala ubavu kwa ubavu, na lile lililopinda zaidi ya wenzake lirudi kwenye maji moto.