Gemu la Zamani Halinitoki Mikononi: Maswali ya Wasomaji

Safu ya safari hii tumewapa nafasi wanaoambiwa kila siku "hama, hilo limepitwa na wakati". Anayeng'ang'ania gemu la zamani mara nyingi ana sababu inayoeleweka: mkono umezoea, wenzake wapo kule, mashine yake haibebi jipya, au vitu alivyonunua vimo humo. Ukishajua sababu ni ipi, ndipo unapojua kama ni wakati wa kuhama au wa kulitunza ulilonalo.

Swali: Habari za kazi. Nimecheza gemu la risasi la Counter-Strike: Global Offensive (CS:GO) miaka mingi. Tangu igeuzwe kuwa Counter-Strike 2 sijaizoea, na wenzangu wamehamia Valorant, gemu jingine la risasi. Nimewafuata, lakini kila nikilenga kichwa napiga ukuta. Nimechuja, au kuna cha kurekebisha? – Mlenga shabaha

Jibu: Kipo cha kurekebisha. Anza na kipanya kabla hujajilaumu. Mkono wako umekariri umbali: ukisogeza kipanya kiasi hiki, macho ya mchezaji yanageuka kiasi kile. Ukihamia gemu jingine umbali huo unabadilika hata kama umeandika namba ileile kwenye mipangilio, kwa kuwa kila gemu lina kipimo chake. Katika Counter-Strike, wepesi wa kipanya ukiwa 1, kila hatua moja inayosomwa na kipanya inakugeuza nyuzi 0.022. Katika Valorant hatua hiyohiyo inakugeuza nyuzi 0.07. Ndiyo maana ukihamisha namba yako kama ilivyo, unapita kichwa cha adui na kuishia ukutani.

Chukua namba yako ya Counter-Strike uigawanye kwa 3.18. Aliyekuwa na 1.0 aweke 0.314, aliyekuwa na 2.0 aweke 0.629. DPI ya kipanya, yaani idadi ya hatua kinazosoma kwa kila inchi, usiiguse. Kisha hakikisha kwa rula: ingia uwanja wa mazoezi, elekeza alama ya kulengea kwenye kona ya ukuta, laza rula kando ya kipanya, halafu zunguka mpaka urudi kwenye kona ileile. Kwa DPI 800 na wepesi wa 1.0 wa Counter-Strike, mzunguko mzima unakula sentimita 52 hivi. Ukipata nusu ya hapo, karibu kila mara mchawi ni kile kitufe kidogo kilicho mgongoni mwa kipanya: umekibonyeza bila kujua na DPI imeruka hadi 1600.

Kuna jambo la pili. Kama ulikuwa ukicheza kwa picha ya 4:3 (umbo la runinga za zamani) iliyovutwa ijaze skrini, ulikuwa unaona nyuzi 90 tu za upana, na maadui walionekana wanene. Valorant inakupa nyuzi 103 na haikuneneshei adui. Hilo halina namba ya kulitibu. Jicho linahitaji muda. Wengi huharibu hapa, maana kila wakipigwa wanapunguza wepesi, kesho wanaongeza, na mkono haupati cha kukariri. Shika namba moja wiki mbili nzima kabla ya kuigusa tena.

Kuhusu CS:GO yenyewe: Counter-Strike 2 ilipoingia tarehe 27 Septemba 2023, Valve, kampuni yenye gemu hilo, iliacha toleo la mwisho la CS:GO ndani ya Steam, duka lake la mtandaoni, kwenye sifa za gemu, sehemu ya matoleo ya majaribio, kwa jina csgo_legacy. Halina mechi rasmi za kupangiwa wapinzani, na Valve ilitangaza kuacha kulihudumia kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Kwa kucheza na roboti au kukumbusha mkono linafaa.

Swali: Sisi wa Age of Empires tumekosea wapi? Zamani kila gemu lilikuwa la mkakati, leo kila gemu ni watu 100 wanarushwa kisiwani, kesho sijui nini. – Mjenga ngome

Jibu: Hamjakosea, na tunalisema hilo kwa uzito wote. Angalia mikondo mikubwa ilizaliwa wapi. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama nyongeza iliyotengenezwa na wachezaji juu ya Half-Life. Dota ilitokana na ramani za Warcraft III zilizochorwa na wachezaji wake, na kutoka hapo ukapatikana mtindo mzima wa timu mbili za watu watano wanaovunjiana ngome. Mtindo wa watu 100 kisiwani ulipevuka katika nyongeza ambazo mtengenezaji Brendan Greene alizifanyia gemu la vita la Arma kabla ya kutoa gemu lake la PUBG mwaka 2017. Hata mtindo wa kupanga vikosi vipigane vyenyewe ulizuka Januari 2019 ndani ya Dota 2. Mara nyingi kipya kinatoka mikononi mwa waliokataa kuondoka kwenye cha zamani mpaka wakakijua kila pembe.

Mkakati umepungua kwa sababu zinazoeleweka. Kuamuru askari 150 kunataka kipanya na kibodi, na ukipunguza amri ili ziingie kwenye padi au simu, mchezo unabaki mifupa. Tena ukishindwa mmoja kwa mmoja huna mwenzako wa kumtupia lawama, jambo linalowafukuza wageni mapema. Lakini gemu lenu halijafa: Age of Empires II ya mwaka 1999 ilitengenezwa upya mwaka 2019 na imeendelea kuongezewa tawala mpya.

Hatari ya kukimbilia mkondo inawapata zaidi watengenezaji. Gemu kubwa linachukua miaka kutengenezwa. Linapotoka, meza imeshajaa. Concord, gemu la mashujaa wa kurushiana risasi, lilitoka tarehe 23 Agosti 2024 na likafungwa tarehe 6 Septemba mwaka huohuo.

Swali: Tunacheza gemu la soka la PES 2013 kwenye kompyuta mpaka leo. Nimeweka faili la usajili mpya wa wachezaji, lakini kwenye Ligi ya Masta naona timu zilezile za zamani. Na nyongeza nyingine niliyoiweka imesababisha gemu lisifunguke kabisa. – Beki mkongwe

Jibu: La kwanza halijaharibika. Ligi ya Masta inapoanzishwa hunakili vikosi vilivyopo siku hiyo na kuvifungia ndani ya sevu yako, yaani kumbukumbu ya ulipofikia. Usajili utakaouweka baadaye utauona kwenye mechi za kirafiki, si kwenye ligi iliyokwishaanza. Weka faili kwanza, hakikisha vikosi kwenye mechi ya kirafiki, kisha anzisha ligi mpya.

La pili ni matoleo kugongana. Nyongeza nyingi za PES 2013 zilitengenezwa juu ya sasisho la 1.04, ambalo ndilo la mwisho. Ukiziweka juu ya toleo la chini, au ukichanganya nyongeza mbili zinazobadilisha faili moja la kuwashia gemu, halifunguki, au linafika kwenye nembo na kuzima. Ondoa kila kitu, weka gemu tupu, lisasishe hadi 1.04, lifungue mara moja bila nyongeza, kisha weka nyongeza moja tu. Kabla ya hapo nakili folda ya KONAMI iliyo kwenye nyaraka zako. Sevu zako zimo humo.

Wanaowacheka waambie hivi: Konami, kampuni yenye PES, iliachana na toleo la kila mwaka, na tarehe 30 Septemba 2021 ikaleta eFootball 2022, la bure na la injini mpya. Lilitoka likiwa na vitu vichache kuliko lile lililolitangulia. Aliyebaki nyuma wakati ule alikuwa na hoja. Limeboreshwa sana tangu hapo, na kwa anayetaka kucheza na watu wa mbali ndilo la kujaribu. Kwa ligi ndefu mnayoicheza sebuleni, bakini mlipo.

Swali: PlayStation 2 yangu kwenye runinga bapa ina picha ya ukungu, na mpira unachelewa. Nikibonyeza shuti, mchezaji anapiga baadaye. Kwenye runinga ya chogo haikuwa hivyo. – Padi ya waya

Jibu: Jicho lako halikudanganyi. PS2 mara nyingi inatuma picha ya mistari 480 (576 kwa mfumo wa PAL), nusu kwa nusu: mistari ya witiri, kisha ya shufwa. Runinga ya chogo inaichora kadiri inavyofika. Runinga bapa inapokea nusu hizo, inaziunganisha, inazikuza zijaze kioo chenye mistari 1080 au 2160, inapaka urembo wake wa rangi, ndipo inaonyesha. Fremu moja kwenye mwendo wa 60 kwa sekunde ni milisekunde 16.7; runinga ikikalia fremu tatu, shuti lako limechelewa kwa sehemu ya ishirini ya sekunde. Kwenye soka na mapigano hiyo ni nyingi.

Dawa ya kwanza ni ya bure. Ingia mipangilio ya picha ya runinga, chagua hali ya gemu, na zima ulainishaji wa mwendo na upunguzaji wa chenga. Runinga nyingi huweka hali ya gemu kwa kila tundu peke yake, kwa hiyo ibadilishe ukiwa kwenye tundu la PS2.

Dawa ya pili ni waya. Ule wa manjano, nyeupe na nyekundu unabana picha nzima kwenye uzi mmoja wa manjano, na ukungu unatokea hapo. Tafuta waya wa plagi tano: kijani, bluu na nyekundu kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Angalia kwanza kama runinga yako ina matundu hayo, kwa kuwa mpya nyingi hazina. Na kabla hujaubadilisha, ukiwa bado unatumia waya wa zamani, washa PS2 bila diski, ingia mipangilio ya mfumo, tafuta sehemu ya waya wa picha, uitoe kwenye RGB uiweke Y Cb/Pb Cr/Pr. Usipofanya hivyo utapata picha ya rangi za ajabu na utadhani waya ni mbovu. Magemu machache, Gran Turismo 4 likiwamo, yana mpangilio wa kutuma mistari 480 yote kwa pamoja; uwashe, runinga itapunguziwa kazi.

Jihadhari na visanduku vya bei rahisi vya kugeuza waya wa manjano kuwa HDMI. Vingi havitofautishi picha ya nusu kwa nusu na ile ya mistari 240 ya magemu ya PlayStation ya kwanza. Matokeo yake vitu vidogo vinavyomeremeta vinapotea kabisa. Na kama una bastola ya gemu ya PS2, tunza runinga ya chogo. Bastola ile inajua inapoelekea kwa kuvizia mwale unaochora kioo, na kwenye runinga bapa mwale huo haupo.

Swali: Mwanangu anacheza Fortnite tu. Nimemnunulia magemu mazuri, hayagusi. Nifanyeje? – Mama mwenye wasiwasi

Jibu: Mama, muulize anacheza na nani. Mara nyingi mtoto halifuati gemu, anawafuata rafiki zake, na gemu la mchezaji mmoja haliwezi kushindana na hilo hata likiwa zuri namna gani. Pia Fortnite huenda kwa misimu: zawadi zinafunguliwa kwa kucheza, na msimu ukiisha ambazo hazijafunguliwa zinampita. Tazama naye tarehe ya mwisho wa msimu, kisha mjaribishe gemu jipya mara msimu unapoisha. Chagua la watu wawili kwenye kioo kimoja, ucheze naye, au linalowaunganisha wenye konsoli tofauti ili rafiki zake waweze kuingia.

Swali: Nitajuaje gemu langu halitazimwa siku moja? Na sevu ya kaseti yangu ya Game Boy, Pokémon Gold, imepotea, kila nikiwasha naanza upya. – Mtunza kaseti

Jibu: Hofu yako ina msingi. The Crew, gemu la magari la mwaka 2014, lilizimwa seva zake tarehe 31 Machi 2024, na hata aliyekuwa na diski hakuweza tena kulicheza. Duka la mtandaoni la Nintendo 3DS na Wii U liliacha kuuza tarehe 27 Machi 2023, la Xbox 360 tarehe 29 Julai 2024. Lipime gemu lako hivi: kata intaneti, zima mashine kabisa, washa, cheza, sevu, fungua tena. Likidai kuunganishwa kabla ya menyu, uhai wake uko mikononi mwa mwenye seva, na skini (mapambo ya wahusika na silaha) ulizonunua ni hivyohivyo. Likikubali, nakili sevu zako mahali pawili.

Pokémon Gold ni suala la betri. Ndani ya kaseti kuna CR2025 inayoshikilia sevu na kuendesha saa, na saa ndiyo inayoimaliza. Utahitaji bisibisi maalumu ya milimita 3.8, chuma cha kulehemu, na betri iliyokwisha kuungwa vibati viwili. Betri ya kawaida iliyofungwa kwa gundi ya karatasi huteleza kaseti ikitikiswa, na sevu inakwenda nayo. Usiilehemu betri tupu moja kwa moja. Joto linaiharibu na inaweza kupasuka. Kabla ya kung'oa ya zamani, angalia upande wa alama ya kujumlisha kwenye ubao. Kwa kaseti ambayo bado ina sevu, inakili kwanza kwa kifaa cha kusomea kaseti, kwa kuwa betri ikitoka tu kila kitu kinafutika.

Ukimaliza, anzisha safari mpya, weka saa, sevu, zima, iache mpaka kesho yake. Sevu ikiwepo na saa ikisoma sawasawa, kazi imeshika. Sevu ikiwa imepotea, fungua tena uangalie ulehemu wa kibati cha hasi. Huo mara nyingi haushiki kwa kuwa eneo lake kwenye ubao hunyonya joto haraka.