Nyambizi ya Mjerumani na ndege za maji

SWALI: Mhariri, shikamoo. Babu husema zamani ndege zilitua ziwani hapa Kisumu, na kwamba vitani ndege kama hizo zilizamisha nyambizi ya Mjerumani. Jirani yangu wa Dunga anamcheka. Nani mkweli?
Msomaji, Nyalenda

JIBU: Marahaba. Babu yako. Ndege za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, zilitua ziwani hapo miaka ya 1930, na nyambizi ipo: U-197 ya Kapteni Robert Bartels. Iliondoka Kiel, bandari ya Ujerumani, Aprili 1943, ikazunguka Afrika hadi Bahari ya Hindi, ikazamisha meli 3, mbili zikiwa za mafuta.

Kilichoiponza ni mdomo. Ikitaka kukutana na nyambizi wenzake U-181 na U-196 kwa ajili ya misimbo mipya ya siri, ilizungumza mno redioni. Waingereza wakanasa mawimbi, wakajua ilipo. Tarehe 20 Agosti 1943, kusini mwa Madagaska, ndege aina ya Catalina (hiyo hutua majini kama bata, mwambie jirani) iliikuta juu ya maji, ikaijeruhi. Ndege ikaendelea kuizunguka saa kadhaa, mpaka Catalina ya pili ilipofika na kuimaliza kwa mabomu ya kina, yaani yanayolipukia chini ya maji. Mabaharia wote 67 walikufa.