Lisbon kwa basi la kupanda na kushuka: niliyojifunza nikiwa na mama

Mama yangu ana miaka 68 na magoti yake hayataki tena vilima. Lisbon ni vilima vitupu, na njia zake za miguu zimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa vinavyoteleza hata siku ya jua. Tulikuwa tumetoka Rotterdam kumwona mdogo wangu, tukajipa siku tatu Ureno kabla ya kurudi Dar es Salaam. Ilikuwa mwezi wa sita. Kwa hiyo nilipoyaona yale mabasi ya ghorofa yasiyo na paa juu, yanayozunguka mji mzima huku wewe unashuka kituo unachotaka na kupanda linalofuata, sikusita hata kidogo.

Nimeshawasikia wasafiri wakiyadharau mabasi haya, kwamba ni ya wavivu na kwamba mji hutembelewa kwa miguu. Wanaosema hivyo hawajasafiri na mzazi. Kwa mtu mzima, kwa mwenye mtoto mgongoni, kwa aliyefika jana na bado ana uchovu wa ndege, basi hili ni msaada mkubwa. Ila lina mambo yake, na mengine niliyajua baada ya kulipa.

Kwanza tiketi. Kabla hujatoa kadi, muulize muuzaji swali moja: saa 24 zinaanza kuhesabiwa lini? Kuna tiketi zinazohesabu tangu unapopanda mara ya kwanza, na kuna zinazokwisha siku ileile basi la mwisho likishapita. Kama ni za aina ya kwanza, usianze asubuhi. Panda saa nane mchana, zunguka mzunguko mzima bila kushuka, uone mji, uchague. Kesho yake asubuhi tiketi bado ni hai, na sasa unashuka mahali ulipopachagua mwenyewe. Mimi nilinunua ya siku mbili, sote wawili, kwa sababu kijana aliyekuwa akiuza pale kituoni alikuwa mwepesi wa maneno na mimi nilikuwa na haraka ya kumkalisha mama. Pesa iliyozidi pale ingetulipia chakula cha jioni kizuri.

Pili, ngazi za kupanda juu ni nyembamba na zimepinda. Mwambie dereva asubiri, usione haya. Sisi tulimwambia, akasubiri mpaka mama akakaa. Mbebee mzee wako kofia yenye kamba, maana upepo wa mto Tejo haucheki na mtu. Mama alijifunga leso kichwani, ikamtosha siku zote tatu.

Na ukiweza, kaa juu. Kituo kikubwa cha kuanzia ni mzunguko wa Marquês de Pombal, yule waziri anayesimama juu ya mnara na simba pembeni yake. Yeye ndiye aliyeujenga upya mji baada ya tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, lililofuatwa na mawimbi ya bahari na moto. Ukiwa juu ya basi unaiona kazi yake kwa macho: kule chini kuelekea mtoni mitaa imenyooka kama mistari ya daftari, na kwenye vilima vya pembeni, kule ambako mitaa ya zamani ilinusurika, nyumba zimebanana na vichochoro vinajikunja. Mwezi ule mijakaranda ilikuwa imechanua. Basi liliposimama kwenye taa, tawi lenye maua ya zambarau lilikuwa usawa wa bega la mama. Alinyoosha mkono akachuma ua moja, akaliweka ndani ya pasipoti yake.

Sasa nije kwenye kosa lililotugharimu jioni nzima. Sisi tumezaliwa pwani, jua letu linazama saa kumi na mbili na nusu, mwaka nenda mwaka rudi, na mwili umezoea hivyo: mwanga ukiwapo, bado mapema. Lisbon mwezi wa sita jua linazama saa tatu usiku. Tulikuwa Belém, upande wa magharibi wa mji, mama amekaa kwenye benchi anatazama mto, jua bado kali, nami nikawa najiambia hatuna haraka. Tulipofika kituoni ilikuwa saa moja na nusu. Basi la mwisho lilikuwa limeshapita zamani. Nilipopiga simu kwenye namba iliyokuwa nyuma ya tiketi, haikupokelewa. Tulisimama pale zaidi ya nusu saa, mama hasemi kitu ila anabadilisha mguu, mpaka mama mmoja wa makamo akatuelekeza kwenye tramu namba 15, inayorudi moja kwa moja katikati ya mji. Kwa hiyo ukipanda tu, kabla hata ya kuvaa vile visikilizio wanavyogawa, piga picha ratiba ya basi la mwisho kwa kila kituo unachokusudia kushuka. Kwa mwanga wa jua usihukumu kitu.

Tena usiende Belém Jumatatu. Makao ya watawa ya Jerónimos hufungwa siku hiyo, na Mnara wa Belém pia, halafu basi litakufikisha palepale uangalie kuta. Siku nyingine nenda mapema, maana foleni inakua kadiri jua linavyopanda. Sisi tuliingia kanisani bila kulipa. Tiketi ni ya ule ua wa ndani wenye nguzo zilizochongwa kama kamba za meli. Mlangoni tu, mkono wa kushoto, ndipo alipolazwa Vasco da Gama, ndani ya jeneza la jiwe, mikono kaikunja kuomba.

Hapa ndipo ninapotaka uniskilize vizuri, wewe msomaji wa Mombasa, Malindi, Unguja au Kilwa. Sauti ya kwenye basi itakusimulia habari za mabaharia hodari waliotoka kwenye ukingo huu mwaka 1497 wakaifungua njia ya India. Itakuonyesha lile jiwe kubwa la ukumbusho la mwaka 1960, lenye umbo la meli, watu wamepangana wakitazama maji. Itakwambia utajiri wa viungo ulivyojenga haya yote. Haitakwambia walikopita. Sisi ndio walikopita. Tumekua tukiiona Fort Jesus waliyoanza kuijenga mwaka 1593, na maneno yao tunayatumia mezani kila siku bila kujua. Mhudumu wa mgahawa alipotuuliza habari ya meza, akatamka «mesa», mama alinigeukia akasema, «Mwanangu, huyu anajua Kiswahili?» Nikamweleza kwamba sisi ndio tuliolichukua kwao, pamoja na bendera, na leso aliyojifunga kichwani. Na neno «igreja», lililoandikwa kwenye kibao cha kanisa, ndilo mzazi wa neno letu gereza.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: usiache basi likuchagulie pa kushuka. Kabla hujaondoka nyumbani, tafuta kitu kimoja kinachokuhusu wewe, jua kipo mtaa gani, kisha litumie basi kama daladala ya kukufikisha. Kwangu mimi kitu hicho kilikuwa dhahabu.

Mama ni mtu wa Kilwa Kivinje. Mwaka 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alitia nanga Kilwa Kisiwani na meli zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wa pale, Amir Ibrahim, akubali kumlipa kodi mfalme wa Ureno. Kodi ikalipwa kwa dhahabu, ile iliyokuwa ikitoka bara kupitia Sofala na kuitajirisha Kilwa kwa karne nyingi. Miaka mitatu baadaye kundi jingine la meli likarudi na kuuteka mji. Ile dhahabu ya kwanza ilifika Lisbon, na mfalme Manuel akaamuru itengenezwe chombo cha kanisa kwa ajili ya Belém. Kilikamilika mwaka 1506, na kazi hiyo huhusishwa na sonara aitwaye Gil Vicente. Chombo chenyewe kipo. Kimehifadhiwa katika makumbusho ya Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, katikati ya safari ya kutoka mjini kwenda Belém.

Basi hupita chini, barabara ya mtoni, na toka huko kuna ngazi ndefu ya mawe ya kupanda mpaka makumbusho. Kwa mtu wa magoti usijaribu. Tulishuka, tukachukua teksi, ikazunguka kilima kwa dakika chache na bei ndogo. Hakikisha siku hiyo wamefungua, maana Jumatatu nao hufunga, na ukumbi hadi ukumbi wanaweza kuwa na ukarabati. Ukifika mlangoni uliza moja kwa moja «Custódia de Belém», ndilo jina la chombo hicho, watakuonyesha bila ya wewe kuzunguka vyumba vyote.

Kimekaa peke yake ndani ya kioo. Hakizidi urefu wa mkono wa mtu mzima, lakini macho hayaishi kukitazama. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kwa duara, kila mmoja na sura yake, na rangi za enameli kwenye nguo zao zingali mbichi. Chini kwenye kitako kuna ndege na maua, madogo kiasi kwamba mama aliweka miwani. Na kuzunguka ukingo wa kitako kuna maandishi: kwamba mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina limeandikwa kwa tahajia ya Kireno cha zamani, lakini ukishaambiwa unalisoma.

Nilimsomea mama polepole, kidole changu kikifuata herufi juu ya kioo. Akainama. Akanyamaza muda mrefu, mpaka kikundi cha watalii kikaja, kikapiga picha, kikaondoka, sisi bado tupo.

«Kumbe iko huku,» akasema.

Tulikaa kwenye benchi la ukumbi ule karibu saa nzima. Mabasi yalikuwa yakipita huko chini kila baada ya muda, na tiketi yangu ya siku mbili ikawa inakwisha, na sikujali.

Siku ya tatu tulikwenda Alfama, ambako mabasi ya ghorofa hayaingii, vichochoro haviruhusu. Huko panda tramu namba 28, lakini saa mbili asubuhi, kabla ya umati, na mkoba uwe kifuani, wezi wa mifukoni wanaijua tramu hiyo kuliko watalii wenyewe. Kama unatafuta chakula cha halali, upande wa Martim Moniz kuna migahawa mingi ya Wabangladeshi. Wali wao na samaki wa mchuzi ulimrudishia mama nguvu.

Usiku ule hotelini mama aliniomba nimsaidie kutuma picha kwenye kundi la familia. Nilikuwa na picha za mnara, za daraja, za kanisa, za mijakaranda. Akazipitisha zote kwa kidole mpaka akaifikia ile ya maandishi ya kitako, yenye mng'ao wa kioo na kivuli cha kichwa chake mwenyewe. Akaituma hiyo moja. Chini yake akaandika: «Wajukuu, soma hapo.»